Kutembelea Tukuyu na mashamba ya chai ya Rungwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayepanga safari ya kwanza Rungwe, awe anatoka Dar es Salaam, Nairobi, Lilongwe au hapo Mbeya mjini tu. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi. Mengine ni mafupi kwa sababu hakuna cha kuongeza.

Tukuyu ni wapi hasa?

Ni makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya, kwenye barabara ya lami inayochepuka Uyole kwenda Kyela na mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Kutoka Mbeya mjini ni kama kilomita 70. Mji umekaa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mlima Rungwe uko upande wa kaskazini, na kusini ardhi inateremka hadi Ziwa Nyasa. Wajerumani walipaita Neu-Langenburg wakajenga boma lao hapo. Wapenzi wa soka wa zamani wanaukumbuka mji huu kwa Tukuyu Stars, Banyambala, waliotwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mwaka 1986, Simba na Yanga wakiwa wanatazama.

Nifikeje?

Kutoka Dar kuna mabasi yanayokwenda Kyela moja kwa moja, yanakushusha Tukuyu bila kubadilisha gari. Ukipenda treni, panda TAZARA ushuke Mbeya. Ukipanda ndege utatua Songwe, uwanja ulio upande wa barabara ya Tunduma, kwa hiyo itabidi uvuke jiji zima la Mbeya kabla ya kushika njia ya Tukuyu. Weka muda wa hilo, hasa jioni. Kutoka Mbeya, kosta za Tukuyu na Kyela zipo tangu alfajiri.

Ushauri wangu: safari ya Mbeya hadi Tukuyu ifanye mchana. Barabara ni nzuri lakini ina miteremko na kona, malori ya Malawi ni mengi, na ukungu ukishuka dereva haoni hata taa za gari la mbele. Isitoshe, ukipita usiku umekosa nusu ya ulichokifuata. Ukivuka Kiwira, kuanzia maeneo ya Katumba, chai iko kando ya barabara pande zote mbili.

Niende mwezi gani?

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, kwa kuwa wanapanga safari kwa kalenda ya likizo badala ya kalenda ya mvua.

Rungwe ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi kuliko yote Tanzania. Milimita 2,000 kwa mwaka ni jambo la kawaida, na ziko sehemu zinazopita hapo kwa mbali. Upepo unavuka Ziwa Nyasa ukibeba unyevu, unagonga milima, unapanda, unapoa, na maji yote yanamwagwa hapo hapo. Mvua zinaanza Novemba na kuendelea hadi Mei. Machi na Aprili ndiyo kilele chake, na siku tatu mfululizo bila kuona jua hazimshangazi mtu yeyote.

Juni hadi Agosti mvua inapungua lakini baridi inakuwa kali, hasa usiku na asubuhi. Watu wa Pwani, msidanganyike na neno Tanzania: njooni na sweta nzito na soksi. Septemba na Oktoba ndiyo miezi mikavu zaidi na njia za kupanda milima hazitelezi.

Sasa, ukitaka kuona chai ikichumwa kwa wingi, miezi mikavu si yako. Mchai hutoa machipukizi mengi wakati wa mvua na joto. Kwenye baridi mavuno yanashuka sana, na unaweza kupita shamba zima usione mchumaji hata mmoja. Kama ningelazimika kuchagua kipindi kimoja ningesema mwishoni mwa Mei kuingia Juni. Mvua inakata, kijani bado kimekolea, wachumaji bado wako kazini, na asubuhi nyingi mlima uko wazi. Desemba nayo si mbaya kama hujali kulowa.

Naweza kuingia tu shambani nikapiga picha?

Hapana, ingawa hutaona ukuta wala bango la kukuzuia.

Sehemu kubwa ya chai unayoiona Rungwe ni ya wakulima wadogo: huyu ana ekari moja, yule nusu ekari, mwingine mistari michache nyuma ya migomba. Maana yake ni kwamba ukiingia shambani umeingia uani kwa mtu. Piga hodi, salimia, eleza shida yako. Mara nyingi utaruhusiwa na pengine utapewa parachichi la kuondokea. Kwenye mashamba makubwa ya kampuni pita ofisini kwanza, maana mlinzi hana mamlaka ya kukuruhusu hata akitabasamu.

Ukishaingia, pita kwenye vinjia vya wachumaji. Usijipenyeze katikati ya michai ili upate picha ukiwa umezama kijani hadi kiunoni, kama ile uliyoiona mtandaoni. Mchai ukiachwa unakuwa mti wa mita kadhaa. Ule usawa unaouona juu umetengenezwa kwa miaka ya kupogoa, na machipukizi unayoyavunja kwa mapaja yako ndiyo fedha ya wiki hiyo. Pia chunguza kama shamba limepuliziwa dawa au kutiwa mbolea karibuni. Uliza tu.

Kuhusu wachumaji wenyewe: muombe mtu ruhusa kabla hujamlenga na kamera. Mchumaji analipwa kwa kilo, kwa hiyo kila dakika anayosimama kukupozia inatoka mfukoni mwake. Ukimchelewesha, mwachie kitu. Na usimshike bega kumsogeza akae kwenye mwanga mzuri. Nimeshuhudia hilo likifanywa kwa mama mtu mzima, na aibu ilinishika mimi.

Wanachuma nini hasa?

Majani mawili na chipukizi la katikati. Chini ya hapo jani limekomaa na chai yake inakuwa hafifu. Mchai huohuo unarudiwa kila baada ya wiki moja hadi mbili kutegemea hali ya hewa, na baada ya miaka mitatu au minne unakatwa hadi unabaki vijiti vitupu. Ukiona shamba linalofanana na lililoungua, usisikitike, limepogolewa tu na litarudi.

Njoo asubuhi uone uchumaji, kisha alasiri kaa karibu na banda la kupimia. Hapo ndipo maisha yalipo: mizani, foleni ya vikapu na viroba, mabishano ya robo kilo, na lori la kiwanda linalosubiriwa kwa hamu. Jani bichi likirundikwa muda mrefu linapata joto na kuharibika, kwa hiyo ni lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo. Barabara ya kijijini ikikatika kwa mvua, mavuno ya siku nzima yanaweza kumwagwa.

Kiwandani wanaruhusu wageni?

Viwanda vipo, cha Katumba kikiwa rahisi zaidi kukifikia kwa kuwa kiko njiani kabla ya Tukuyu. Ni sehemu za kazi, hazikujengwa kwa ajili ya watalii, kwa hiyo ruhusa inaombwa mapema, na kundi dogo linakubaliwa kirahisi kuliko basi zima. Vaa viatu vya kufunika vidole na funga nywele.

Inafaa kuhangaika kuingia, maana harufu ya ndani haina maelezo ya kutosha. Jani linatandazwa kwanza kwenye vitanda virefu vyenye wavu, feni zinapuliza hewa kutoka chini, na kwa saa kumi na mbili au zaidi linanyauka hadi linakuwa laini kama kitambaa. Kisha linapita kwenye roli za chuma zenye meno madogo zinazolisaga na kulikunjakunja. Utomvu ukishakutana na hewa, kijani kinaanza kuwa kahawia mbele ya macho yako. Watu huita hatua hiyo kuchachuka ingawa hakuna hamira wala pombe: ni hewa tu inayofanya kazi kwenye jani, kwa saa moja hadi mbili, na hapo ndipo rangi na ukali wa chai unapoamuliwa. Mwishoni linakaushwa kwa hewa ya moto hadi unyevu unabaki asilimia tatu hivi, linachekechwa, na kupangwa kwa madaraja kulingana na ukubwa wa chembe. Kilo moja ya chai kavu inahitaji kilo nne na nusu hivi za majani mabichi. Moto wa kukaushia ni wa kuni, na ndiyo sababu utaona misitu ya mikaratusi karibu na viwanda.

Chai ilifikaje huku?

Wajerumani waliijaribu kwanza katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, mwaka 1902, kisha wakaileta Kyimbila, nje kidogo tu ya Tukuyu, mwaka 1904. Kilimo cha biashara kilianza wakati wa Waingereza, mwaka 1926. Wakulima wadogo waliingia kwa nguvu baada ya Uhuru.

Kwa miaka mingi chai ya Tanzania iliyouzwa kwa mnada ilipelekwa Mombasa. Mnada wa Dar es Salaam ulianza mwaka 2023. Wenyeji wakizungumzia bei ya majani mabichi na malipo yanayochelewa, sikiliza bila kuwakatiza. Wapo waliokwishang'oa chai wakapanda parachichi, na utaliona hilo kwa macho yako kando ya barabara.

Ni kama Kericho?

Wakenya huuliza hili kila mara. Jibu ni hapana, na mgeni akitegemea Kericho atavunjika moyo siku ya kwanza. Kule chai inatandaa hadi upeo wa macho, mali ya mashamba makubwa. Rungwe chai imevunjwavunjwa: kipande cha chai, kisha migomba, mahindi, kaburi la babu, nyumba, ng'ombe wawili, kisha chai tena, na yote yananing'inia kwenye mteremko. Kwa picha ya zulia moja la kijani, Kericho inashinda, sina ubishi. Kwa kutembea kwa miguu na kukutana na watu, nachagua Rungwe.

Ziwa Ngozi linafikikaje?

Linapatikana kutoka barabara kuu ya Mbeya–Tukuyu, eneo la Isongole, kabla ya kufika Kiwira. Kutoka lami ni kilomita kadhaa za barabara ya vumbi (au tope), bodaboda inafika hadi mwanzo wa njia, kisha unapanda kwa miguu saa moja hivi, au zaidi kama mapafu yamezoea lifti. Njia inapita msituni na kwenye mianzi, na sehemu ya mwisho ni kali kiasi kwamba utashika mizizi kwa mikono.

Juu unatokea ghafla kwenye ukingo wa volkano, ziwa liko chini kabisa limezungukwa na kuta za msitu. Husemwa kuwa ni la pili kwa ukubwa Afrika kati ya maziwa ya kreta. Nenda asubuhi na mapema, maana ikifika saa sita mchana ukungu mara nyingi umeshafunika kila kitu. Chukua mwongozo wa kijijini, lipa ada inayotakiwa na udai stakabadhi. Usikubali mtu akushawishi kushuka hadi majini. Mteremko ni mkali, unateleza, na kupanda tena ni adhabu.

Mlima Rungwe je? Na huyo kipunji?

Mlima una urefu wa karibu mita 2,960 na unaweza kupandwa na kushukwa siku moja na mtu mwenye afya anayeanza alfajiri. Ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kibali na mwongozo ni lazima.

Ni volkano iliyolala. Miaka 4,000 hivi iliyopita ilifumuka kwa kishindo kikubwa, na jirani yake, Kyejo, alitoa lava karibu mwaka 1800, juzi tu kwa hesabu za milima. Hata leo kaboni dioksidi inatoka ardhini sehemu kadhaa za wilaya, na mahali pengine inavunwa kwa ajili ya viwanda vya vinywaji. Huenda gesi ya soda unayokunywa stendi imetoka chini ya miguu yako.

Kipunji ni nyani wa juu mitini, wa kahawia, mwenye nywele zilizosimama kichwani. Wawindaji wa hapa walimjua zamani, wanasayansi walimfikia mwaka 2003, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani wa Afrika tangu 1923. Sensa ya kwanza ilikadiria wako kama 1,100 duniani kote, hapa Rungwe–Kitulo na kipande kidogo cha Udzungwa. Uwezekano wa kumwona kwa safari ya siku moja ni mdogo. Atakayekuhakikishia kwa fedha, muache.

Daraja la Mungu na Kijungu vinafaa kutembelewa?

Ndiyo, na ndivyo rahisi kuliko vyote kwa mwenye siku moja. Daraja la Mungu ni mwamba wa lava uliojikunja juu ya Mto Kiwira, maji yanapita chini yake. Kijungu hakiko mbali: mto huohuo unaingia kwenye shimo la mviringo mwambani na kupotea. Kijungu kiko ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo utaripoti getini na kamera itabaki mfukoni mpaka ufike mtoni. Kingo hazina uzio wa kuaminika, miamba imeota ukoka wa maji, na mto hauna huruma. Shika watoto mkono.

Nimesikia Ziwa Masoko lina hazina ya Wajerumani.

Husimuliwa kwamba walipokuwa wanakimbia Vita Kuu ya Kwanza walitupa sarafu na silaha ziwani. Boma la mawe la Kijerumani kweli liko hapo, na mara chache mtu hukuonyesha sarafu ya rupia ya zamani. Usinunue kwa bei ya hazina. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba matope ya chini ya ziwa yamefukuliwa na wanasayansi na kusomwa kama daftari la hali ya hewa la makumi ya maelfu ya miaka. Ziwa liko chini kusini mwa mji, kuna joto zaidi, na mbu wapo.

Nitalala wapi, nitakula nini?

Tukuyu kuna gesti na lodji za bei ya kawaida. Kabla ya kulipa, uliza maji ya moto, kisha fungulia bomba uhakikishe, na uliza kuhusu blanketi la pili. Anasa kubwa haipo.

Chakula ndicho kitakachokushangaza. Ndizi hapa ndiyo mlo wenyewe: mbalaga zilizochanganywa na maharage au nyama, na maziwa mgando pembeni. Kuna viazi, mchele wa Kyela ambao harufu yake inakufuata nje ya mlango, mbasa kutoka Ziwa Nyasa akipatikana, na maparachichi yanayouzwa kwa ndoo. Kwa mama lishe karibu na soko utakula vizuri kuliko hotelini. Agiza chai ya maziwa. Ukiletewa kikombe chenye chai ya mfuko kutoka kwingine, usicheke kwa sauti.

Nawasalimiaje wenyeji?

Kiswahili kinatosha popote. Lakini kwa Kinyakyusa, "ugonile" asubuhi na "ndaga" wakati wa kushukuru vitakufungulia milango mingi. Kwa wazee, inama kidogo na usiwe wa kwanza kunyoosha mkono.

Nabeba nini?

Gambuti au viatu vyenye meno, koti la mvua (mwavuli haufai mlimani), sweta, na mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya simu. Gambuti zinauzwa sokoni, huna haja ya kusafiri nazo.

Naweza kurusha ndege nyuki (droni)?

Bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na idhini ya wizara ya ulinzi, hapana. Usifikiri kijiji hakina macho.

Siku ngapi zinatosha?

Mbili kwa haraka: ya kwanza Ngozi na Daraja la Mungu ukiwa njiani kuja, ya pili chai na kiwanda. Nne ni bora, kwa sababu moja hakika itaharibiwa na mvua. Mwenye wiki ateremke Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, au apande Kitulo, hifadhi ya taifa ya maua, ambako maua huchanua kati ya Novemba na Aprili, majira yaleyale barabara zinapokuwa mbaya.

Mzazi wangu ana miaka 70, ataweza?

Chai, Daraja la Mungu na Masoko ataweza, kwa gari. Ngozi sishauri, na Rungwe hapana.

Nikitaka kununua chai ya kwenda nayo nyumbani?

Uliza kiwandani au kwenye maduka ya mjini, na angalia pakiti inasema imefungwa wapi, maana si kila chai inayouzwa Rungwe imetoka Rungwe. Chembe ndogo zinatoa rangi haraka na zinafaa kwa chai ya maziwa. Chembe kubwa zaidi zinafaa kwa chai ya rangi. Iweke kwenye kopo linalobana, mbali na viungo na sabuni, kwa kuwa chai inanyonya harufu ya chochote kilicho jirani, begi la safari likiwamo. Ukiwa utapitia Kyela kununua dagaa, beba mifuko miwili tofauti.

Kuna benki na mtandao?

Vipo mjini. Vijijini na kwenye ada za mlimani tegemea fedha ya simu, na uwe na noti ndogondogo kwa ajili ya bodaboda, kwa sababu chenji huwa hawana.